Tahadhari Ishirini na Mbili Zilizomezwa Mchana Kweupe

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mstari wa mwisho kabla hujanihukumu, maana hapa ninapoandika nimejifungia chooni kazini, karatasi nimeiweka juu ya goti, mtu akigonga nasema tumbo linanisumbua, na yote hayo ni kwa sababu barua hii ikionwa na mtu mmoja ninayeishi naye nyumba moja na kufanya naye kazi chumba kimoja, sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, wa kike, ana miezi tisa, meno mawili ya chini yameshatoka na sasa anauma kila kitu mpaka vidole vya bibi yake. Shule sikufika mbali, niliishia ya msingi, lakini kusoma nasoma na namba hazinishindi. Kazi nilianza ya kufagia na kupiga deki kwenye kampuni inayoangalia mitandao ya watu, yaani kliniki, shule, maduka makubwa, maghala ya dawa, njia zao za mtandao zote zinaangaliwa kutoka kwetu, na njia au umeme ukikatika popote, mashine ya huko inatuma ujumbe tunaouita tahadhari, unatokea kwenye skrini yetu kubwa kwa rangi nyekundu, na aliye zamu anampigia simu mwenye njia amwambie kwako kumekatika, kimbia ukaangalie. Siku moja napiga deki nikaona nyekundu na mwangalizi kasinzia, nikamwamsha, meneja akasikia, akasema macho ya huyu mama yanafanya kazi kuliko ya wenye vyeti, akanipa kiti. Mpaka leo kile kiti nakifuta kila asubuhi kwa kitambaa changu mwenyewe.

Aliyeniingiza kwenye kampuni ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye fundi wa mitambo pale. Tunaishi pamoja, mimi, mume wangu ambaye ni seremala, mama mkwe, mtoto, na huyo shemeji. Ni mtu wa utani, mtoto akisikia tu viatu vyake mlangoni anaanza kurusha miguu. Na ndiye ninayemshuku.

Sasa sikia. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne kasoro asubuhi, mashine yetu kubwa ya kupokelea tahadhari iligoma, skrini ikawa nyeusi tii. Shemeji akaifungua, vyuma nje, nyaya nje, sakafu nzima imejaa, mimi nimesimama na daftari langu kama mgeni. Nikamuuliza, "Shemeji, na zinazotumwa sasa hivi zinakwenda wapi?" Akacheka. "Tulia shemeji, tahadhari hazina miguu. Si niliweka kiboksi mwezi uliopita? Mashine ikilala, kiboksi kinapokea kwa niaba yake. Ikiamka, kinaikabidhi mzigo wake. Wewe kaa ule karanga." Nikakaa. Lakini sikutulia, kwa sababu mtoto aliamka na joto siku hiyo, mama mkwe aliahidi kunipigia, na simu yangu ilikuwa inakata roho. Saa tano na kitu ikazima kabisa, nikahangaika na chaja mkononi, kila soketi imejaa nyaya za shemeji, mwishowe nikachomoa kimoja nyuma ya kabati nikachomeka changu, simu ikawaka, mama mkwe akapiga hapo hapo, "Joto limeshuka, amekula, ananivuta miwani," nikapumua mshauri, nikalia kidogo kwa furaha, na jioni nikakirudisha nilichochomoa mahali pake, basi.

Saa sita kasoro dakika tano mashine ikaamka. Tahadhari tisa zikaja kwa mkupuo, vitu vidogo vidogo, nikapiga simu zote tisa. Shemeji akajifuta jasho akaniambia, "Umeona? Kila kitu kimefika."

Alhamisi nilikuwa na mapumziko nikampeleka mtoto kliniki, chanjo ya surua, nimemvalisha gauni la njano, tumekaa kwenye benchi kuanzia asubuhi. Muuguzi akatoka mikono mitupu. "Mama zangu, leo hakuna chanjo. Chumba cha baridi kule ghalani umeme wake ulikatika Jumanne na hakuna aliyejua mpaka jioni. Dawa zote zimepata joto, zimetupwa. Mrudi baada ya wiki tatu."

Benchi likalipuka. "Wiki tatu! Na surua iko mtaa wa pili?" Mwingine akasema, "Si nasikia kuna watu wanakaa kwenye kompyuta kazi yao ni kuangalia hayo tu?" Aliyekuwa kando yangu akajibu, "Wanaangalia picha za harusi za wenzao hao." Wakacheka. "Ningewapata mimi, hiyo sindano ningewachoma wao." Na mimi nikacheka nao mshauri, Mungu anisamehe, nikacheka, huku beji ya kampuni iko ndani ya mkoba na mkono wangu unaisukuma chini ya nepi.

Ijumaa nilipoingia kazini nikafungua daftari. Kila tahadhari hupewa namba na kampuni ya simu inapotumwa, na namba zinafuatana. Ya mwisho kabla mashine haijagoma ni 2318. Inayofuata ni 2341. Nimehesabu kwa vidole, nimehesabu kwa njiti za kiberiti, nimehesabu kwa vifungo vya mume wangu, ishirini na mbili hazipo, na ya chumba cha baridi lazima imo humo. Halafu kuna jambo lingine linanikosesha raha. Kila tahadhari huja na saa iliyotumwa, na hiyo 2341 imeandikwa ilitumwa saa tano na dakika kumi na mbili, ingawa kwetu ilifika saa sita kasoro. Kuanzia hiyo hakuna hata moja iliyopungua. Kwa nini za baada ya saa tano na dakika kumi na mbili zifike salama zote, na za kabla ya hapo zimezwe zote? Kitu kikiharibika kinaharibika ovyo. Kikipungua kwa mstari ulionyooka namna hiyo, kuna mkono wa mtu.

Nikaanza kumwangalia shemeji. Siku hizi simu anapokelea uani, nyumba kaipa mgongo. Nikiingia chumba cha mitambo anageuza kompyuta yake upande. Jumamosi alimletea mtoto viatu vipya, na huyu mtoto hata kusimama hajaanza, nikajiuliza viatu vya nini, vya kuniziba mdomo? Jumapili napangusa vumbi sebuleni nikakuta juu ya kabati soksi yake nyeusi imefungwa fundo, ndani yake kile kifaa cha kutunzia kumbukumbu alichokitoa kwenye mashine siku ile. Nimekijua kwa mkwaruzo wake. Nikakirudisha kama kilivyokuwa, fundo lile lile, na mezani nikampakulia chakula nusu kikaenda nje ya sahani, akaniuliza, "Shemeji, unaumwa?" Nikasema, "Meno ya mtoto." Siku hizi ndani ya nyumba yangu nasikiliza hatua za watu.

Na sasa nifike kwenye aibu yangu. Daftari letu chini ya kila ukurasa limechapwa hivi: Tahadhari zote za zamu hii zimepokelewa. Hapo unatia sahihi. Meneja hukusanya kurasa saa sita kamili na hataki ukurasa wenye kukatwakatwa, kwa hiyo sisi wote, tangu nilipowakuta, tunatia sahihi asubuhi tukiingia, halafu tunajaza baadaye. Basi Jumanne ile sahihi yangu ilikuwa imekaa pale tangu saa mbili, nzuri, na mkia wake.

Meneja ametuita. "Daftari linasema zimepokelewa. Mashine ya ghala nayo inasema ilijibiwa kwamba ujumbe wake umepokelewa, ndiyo maana ikanyamaza. Sasa aliyepokea ni nani, jini?" Hakuna aliyecheka. Akasema Ijumaa hii tunakaa mimi, shemeji, yeye na watu wa ghala, na mmoja wetu hatatoka mle akiwa bado na kazi. Mume wangu nimemdokezea kidogo tu ninavyomshuku ndugu yake, akaacha kupiga randa, akaniambia, "Mama, ukimtaja mdogo wangu mbele ya watu, mimi nitakula kwenye sahani ya nani?" Na mtoto bado hajachanjwa. Akikohoa tu nambeba.

Mshauri, mimi bado nina matumaini kwamba ipo njia ambayo ukweli utasemwa na nyumba yangu isivunjike. Nimtaje shemeji na soksi yake? Ninyamaze? Au niseme nilizipokea mimi nikasahau, iishe? Nakungoja kwa moyo wote.

Mama Meno Mawili

*

Mshauri anajibu

Marahaba, Mama Meno Mawili. Barua yako imenifikia Jumanne, imekunjwa mara nane, nami nimeomba iingie toleo la leo, wapangaji wa gazeti wamenung'unika na nimewaacha wanung'unike, kwa sababu Ijumaa yako haina subira.

Kwanza, toka chooni. Mtu mwenye macho kama yako haandiki maisha yake juu ya goti. Na kile kicheko cha kliniki usijitese nacho. Uliogopa, na mtu akiogopa hucheka na waliomzunguka. Mtoto wako kukosa chanjo kumekuuma kuliko kulivyomuuma mwanamke yeyote kwenye lile benchi, kwa kuwa wewe peke yako ulijua skrini iko wapi.

Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Mimi mitambo siijui, najua watu. Kwa hiyo nilimpigia mpwa wangu ambaye kazi yake ni kama ya shemeji yako, nikamsomea mambo yako bila kumwambia ni ya nani. Soksi, akaguna. Viatu, akacheka. Nilipofika kwenye chaja akasema, "Shangazi, rudi hapo." Nikarudi. "Rudia tena." Nikarudia. Kisha akauliza ambalo nami nakuuliza mbele ya wasomaji wote: mwanangu, nyuma ya lile kabati ulichomoa nini?

Umeniandikia rangi ya soksi, umeniandikia fundo lake, umehesabu mpaka vifungo vya mume, lakini ulichokichomoa kwa mkono wako umekiita "kimoja" ukapita. Nina hakika kama ninavyokaa hapa kwamba kilikuwa kiboksi cha shemeji yako.

Mpwa wangu alinieleza polepole nami nakupa vivyo hivyo. Mashine ya ghala haitumi ujumbe ikasahau. Inautunza, inautuma, na kama hajajibu mtu inautuma tena, na tena, mpaka asikike mtu akisema umepokelewa. Hapo ndipo inaufuta kwake na kunyamaza. Asubuhi ile mashine yenu kubwa ilipogoma, aliyekuwa anajibu ni kiboksi. Kikazijibu zote ishirini na mbili, nao waliotuma wakaridhika wakafuta zao. Lakini kiboksi hakikuwa kimeziandika popote. Kilikuwa kimezishika kichwani tu, kama mtu aliyetumwa sokoni bila karatasi. Ulipokichomoa, kichwa kikawa kitupu. Kuanzia hapo hapakuwa na wa kujibu, kwa hiyo mashine za watu zikashikilia tahadhari zao zenyewe, zikagonga na kugonga mpaka saa sita kasoro mlipofungua mlango, ndipo tisa zikaingia kwa mkupuo, salama. Mstari wako ulionyooka ni huo. Hakuna mkono wa mtu uliochagua. Saa tano na dakika kumi na mbili ni saa ya chaja yako.

Usiniamini bure. Fungua simu yako, tazama mama mkwe alikupigia saa ngapi Jumanne ile. Ikiwa ni muda mfupi baada ya hapo, umepata jibu lako, na lilikuwa mfukoni mwako siku zote ulizokuwa unapekua soksi.

Naona unalia. Lia, kisha uendelee kusoma, kwa sababu kosa hili si lako peke yako, na sitakubali ulibebe lote ati iishe. Kifaa kinachopoteza kila kitu kwa kuchomolewa hakikuwa na haki ya kumwambia mtu umepokelewa. Kingeandika kwanza, halafu ndipo kijibu. Hilo ni la shemeji yako. Kukiweka kwenye soketi ya kila mpita njia bila hata kipande cha karatasi cha kusema usiguse, hilo pia ni lake. Meneja naye anakusanya saa sita kurasa za zamu ambayo haijakwisha, anataka usafi kuliko ukweli, ameupata. Na wewe ulitia sahihi saa mbili asubuhi kwa tahadhari ambazo zilikuwa bado hazijazaliwa. Kiboksi kilifanya kosa gani ambalo wewe hukulifanya kabla yake? Wote wawili mlisema mmepokea, na mikono yenu ilikuwa mitupu.

Kuhusu shemeji. Mtu anayetaka kuficha kitu hakiweki juu ya kabati la sebuleni, kwenye nyumba yenye mwanamke anayepangusa vumbi. Mpwa wangu anasema kifaa kile kikikwaruzwa zaidi kinakufa, soksi ni godoro lake. Ninavyoona mimi anakitunza ili akipekue, na hizo simu za uani anawauliza mafundi wenzake. Naye haelewi zilikwendaje. Umewahi kufikiri kwamba anageuza kompyuta yake kwa sababu anakushuku wewe? Ukurasa una sahihi yako. Mnakula meza moja, kila mmoja anahesabu matonge ya mwenzake. Na viatu, mama, vitakuwa viatu tu. Mtoto atasimama.

Fanya hivi. Leo jioni kabla ya chakula, mume wako akiwepo na mama mkwe akiwepo, mwambie shemeji yako maneno haya kwa mpangilio huu: "Mimi ndiye niliyechomoa kiboksi. Nilikuwa nakushuku. Nisamehe." Usianze na soksi. Ukianza na soksi atajitetea, na anayejitetea hasikii. Ukianza na chaja, ataruka mwenyewe kwenda kuileta soksi.

Kesho kazini, kiboksi kisiguswe na mtu mpaka Ijumaa, wewe wala yeye, hata kama anaona haya. Kwenye kikao nenda na vitu vitatu: ukurasa, simu yako, na ile namba 2341. Sema ulichokifanya na saa uliyokifanya, sema sahihi inatiwa asubuhi na ni wote, halafu nyamaza, mwache fundi aeleze la kwake. Watu wa ghala wakifoka wasikilize, wana haki. Kisha ombeni, nyinyi wawili kwa sauti moja, kwamba kiboksi kiandike kabla ya kujibu, kwamba tahadhari isihesabiwe imefika mpaka binadamu amepiga simu na kujibiwa, na kwamba daftari lisainiwe zamu ikiisha, hata likiwa na mikato mia.

Sikufichi, unaweza kukipoteza kile kiti. Meneja aliyekwisha sema mmoja ataondoka huona haya kubadili maneno. Ukiondoka, utaondoka na jina lako na shemeji yako na meza yako ya chakula, na macho yako hayatabaki mle ndani. Lakini mimi ningekuwa meneja, mtu aliyeona pengo la namba ambalo wenye vyeti walilipita, nisingempa ufagio, ningempa ufunguo.

La mwisho, na ndilo la kwanza kwa umuhimu. Usingoje wiki tatu. Si kliniki zote zinazochukua dawa ghala moja. Kesho asubuhi mama mkwe ambebe mtoto aulizie kliniki nyingine, na ya tatu kama ya pili imekosa, na mkipata, rudini mkawaambie wale wanawake wa benchi. Unawadai hilo.

Ukishaisoma barua hii mpe shemeji yako naye aisome. Mkimaliza wote wawili, chini kabisa, mwandike imepokelewa, kila mtu na sahihi yake. Lakini kwanza msome.